Simbilisi na Supu ya Mama Mkwe

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika, wakifagia nyua zao na kuwaogopa wakwe zao kama tufanyavyo sisi, Chui alijenga nyumba kando ya msitu. Nyumba ya udongo, ua wa mabua, jiko pembeni. Humo alikaa na mkewe, binti wa Fisi. Ndiyo, Chui alimwoa binti wa Fisi, na msiniulize iliwezekanaje, maana harusini sikualikwa.

Katika nyumba hiyo alikuwamo pia Simbilisi. Mnamjua simbilisi? Ni mnyama mdogo, mfano wa sungura aliyenyimwa masikio na mkia. Huyu wa nyumbani kwa Chui aliitwa Mashavu, jina alilopewa na mke wa Chui mwenyewe kwa jinsi alivyotafuna ukoka, mashavu yakicheza kacha-kacha-kacha mchana kutwa.

Mashavu hakuwa kitoweo, wala hakuwa mtumishi. Alikuwa wa nyumbani tu. Chui akirudi mawindoni amechoka, alijilaza barazani, naye Mashavu akampanda mgongoni, akamtoa kupe, akamwimbia "wii, wii, wii" mpaka bwana mkubwa anakoroma. Msitu mzima ulimwogopa Chui, lakini Mashavu alimvuta sikio apendavyo. Jioni Mashavu alilala jikoni karibu na mafiga, juu ya ngozi laini ya digidigi. Hakuwahi kujiuliza ngozi ile ilikuwa ya nani.

Basi mke wa Chui akajifungua mtoto, na habari ikaja kwamba mama yake, Mama Fisi, yuko njiani kuja kumuuguza.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Katika nchi ile, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hawasemezani. Mmoja akiwa ndani, mwingine yuko nje. Mmoja akipita uani, mwingine anageukia ukuta. Ndiyo heshima yao. Neno la huyu linapelekwa kwa yule na mpelekaji, na mpelekaji haongezi wala hapunguzi. Akigundulika kageuza neno la wakwe, anatolewa nje ya ua, porini, na porini kuna kicheche, kuna mwewe, kuna kila aina ya meno.

Na mpelekaji wa nyumba ile alikuwa nani? Mashavu, kwa kuwa ndiye pekee aliyeweza kupita chini ya pazia bila kulifunua.

Asubuhi moja vumbi likaonekana njiani.

"Amekuja! Amekuja!" Chui akaruka, akajigonga kizingitini, po! Akakimbilia nyuma ya ghala, akajibanza.

"Baba, mkia!" Mashavu akamnong'oneza.

Chui akauvuta mkia wake.

Mama Fisi akaingia uani, mtandio begani, kikapu kichwani. Nyuma yake alitembea kanga mmoja, yule ndege mwenye madoa meupe mwili mzima, shingo juu, hatua za kujisikia, kititi, kititi, kititi.

"Hodi humu!"

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba." Mama Fisi akatua kikapu, akainama. Akamtazama Mashavu. Akanyoosha mkono, akamnyanyua, akamminya mbavu kwa kidole gumba. "Hmm!" Akamminya paja. "Hmm, hmm! Mkwe wangu anajua kulisha."

Mashavu akahisi manyoya yanamsimama. Mikono ya nyumba ile alizoea imkune. Hakuna uliowahi kumpima.

Mama Fisi akaingia chumba cha mzazi, pazia likashushwa. Mwanawe alikuwa amelala na kichanga chake, usingizi mzito wa mtu aliyechoka. Mama Fisi akakaa kigodani. Kanga akajikunja miguuni pake, akaegemeza kichwa kwenye kisigino chake, akafumba macho.

"Wewe ndiye mpelekaji?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Basi kamwambie mkwe wangu hivi. Mwanangu hana nguvu, na maziwa hayajashuka vizuri. Kwetu mzazi ananyweshwa supu ya simbilisi. Nimemwona simbilisi hapa, amenona. Ndiye ninayemtaka. Leo hii, kabla jua halijashuka kwenye miti. Umesikia?"

Mashavu akageuka nyuma kuangalia kama kuna simbilisi mwingine. Hakuna.

"Bibi... simbilisi yupi?"

"Ala! Kwani mko wangapi?"

Wanangu, mfikirieni mwenzenu. Anapeleka habari ya kuchinjwa kwake, kwa miguu yake mwenyewe, na haruhusiwi kuongeza wala kupunguza! Kukimbia? Akimbilie wapi, na miguu yenyewe mifupi kama vidole? Nje ya ua hakukujua. Mashavu akatoka chini ya pazia, moyo unamdunda du-du-du, akavuka uani, akafika nyuma ya ghala.

"Anasemaje mkwe?" Chui akauliza. "Amefurahi? Amesifu nyumba?"

Mashavu akasema yote. Supu. Simbilisi. Amenona. Leo hii.

Chui akakaa kitako kwa kishindo. Akajikuna shingo. Akatazama juu, akatazama chini.

"Hakusema kitu kingine?"

"Hakusema, baba."

"Mama mkwe aliyekuja uzazini hanyimwi kile alichokitaja kwa mdomo wake," Chui akasema polepole. "Nikimnyima, itasemwa msitu mzima. Mke wangu ataona haya."

"Unao mdomo, baba. Kataa."

"Mdomo ninao, lakini kwa mkwe ni wa kusema ndiyo tu." Machozi yakamlengalenga. Kisha akashtuka. "Ngoja! Si amekuja na kanga? Mgeni wa uzazi huja na ndege wa kuchinjwa. Huyo ndiye zawadi! Kamwambie nitamchinja kanga, supu itoshe watu wote."

Mashavu akarudi mbio. Hakuongeza, hakupunguza. "Bibi, mkweo anasema zawadi yako ameiona, atamchinja kanga kwa supu."

"NINI?" Mama Fisi akasimama, kigoda kikaanguka, pu! Kanga akaamka, "Kekekeke! Kekekeke!" Mama Fisi akamkumbatia kifuani.

"Amchinje Chausiku? Chausiku wangu? Huyu nimemwangua mimi, yai lake nililitia kwapani baada ya mama yake kuliwa na nyoka! Analala miguuni mwangu. Nikiumwa hali kitu. Ebo! Nani anakula kiumbe mwenye jina?"

"Na mimi nina jina, bibi," Mashavu akasema, sauti nyembamba.

Mama Fisi akamtazama. Si kwa ukali, wanangu. Hilo ndilo lililomtisha Mashavu zaidi. Alimtazama kama mtu mzima anayemweleza mtoto kitu cha wazi.

"Kwetu simbilisi tunawafuga jikoni, wanakula maganda, wananenepa, tunawala. Bibi yangu alifanya hivyo, na bibi yake. Hakuna mwenye ubaya. Ninyi hapa mmeamua kumpa kitoweo jina, ni uamuzi wenu. Nyama ni nyama. Mkwe wangu analeta digidigi kila juma. Amewahi kuwauliza majina?"

Mashavu akafungua kinywa kujibu. Akaikumbuka ngozi anayolalia. Akakifunga.

"Kamwambie kanga haguswi. Na supu naisubiri."

Akatoka tena. Jua lilikuwa limepanda. Alimfikishia Chui neno lile. Chui akaingia jikoni, akachukua kisu na jiwe la kunolea, akaanza. Shwaa. Shwaa. Shwaa. Alinoa huku machozi yanamdondokea mkononi, lakini alinoa.

Mashavu alikaa juu ya ngozi yake akimtazama. Mgongo ule alioupanda kila jioni. Masikio yale. Alimpenda, na wakati uleule alimkasirikia mpaka meno yakamgongana. Mtu mkubwa hivi, meno yote yale, na hawezi kusema neno moja la hapana!

Shwaa. Shwaa.

Chui akaacha kunoa ghafla. Akasogea, akanong'ona, "Sikiliza. Kanga hatujamzoea. Hana anayemjua hapa. Nitamchinja kwa siri, mkwe ataambiwa ni wewe, nawe ujifiche kihengeni mpaka aondoke. Eh? Unasemaje?"

Moyo wa Mashavu ukaruka. Ndiyo! Ndiyo, baba, mchinje yeye! Maneno yalikuwa tayari ulimini, yanakaribia kutoka. Kuishi, wanangu, ni kutamu.

Lakini akamwona tena yule ndege ameegemeza kichwa kwenye kisigino, amefumba macho. Vilevile anavyofumba yeye akiwa mgongoni kwa Chui.

"Yule bibi atalia," Mashavu akasema.

"Atalia. Hata mimi nisipofanya hivyo nitalia."

 Hapo mashavu ya Mashavu yakaacha kutafuna. Atalia, na huyu atalia... Kumbe! Kama ni kilio tu kinachohitajika, kwa nini afe mtu?

Hakumwambia Chui wazo alilolipata. Chui hajui kuficha jambo, uso wake husema kila kitu. Isitoshe, alitaka Chui naye auonje uchungu wa hilo alilokuwa akilinolea kisu.

"La, baba," akasema. "Neno la mkwe ni neno. Supu ipikwe. Lakini wewe huna moyo wa kunichinja, mkono utakutetemeka utanitesa bure. Weka kisu chini. Chemsha maji, nipasulie nazi, uniletee uyoga na bilinganya na viungo. Kisha nenda nje, ukae umeupa mlango mgongo. Ukisikia chubwi, ujue supu imeanza. Usiingie mpaka inukie. Na ukipakua, usitazame ndani ya sufuria, nakuomba. Usinitazame."

Chui akalia kama mtoto. "Mashavu, mama, nisamehe."

"Nitalifikiria," Mashavu akajibu.

Chui alipokwenda kutafuta uyoga, Mashavu akapita chini ya pazia kwa mara nyingine. Mama Fisi alikuwa amesinzia kigodani, na Chausiku amekaa macho, anajichambua manyoya.

"Dada," Mashavu akamnong'oneza.

"Mimi si dada yako. Mimi ni mtu wa Mama Fisi. Wewe ni wa sufuria, nenda kwenye sufuria yako."

"Bwana mwenye nyumba ametaka kukuchinja kwa siri leo. Nimekataa mimi."

Shingo ya Chausiku ikashuka. Akamtazama bibi yake, akamtazama Mashavu. "Unasema kweli?"

"Leo sijasema neno la uongo, na sitasema. Njoo jikoni. Ukikaa hapa na mimi nikaliwa, kesho supu itataka nyama nyingine, na nyumba nzima utakuwa umebaki wewe."

Chausiku akafuata, kititi, kititi, safari hii bila maringo. Mashavu akamwingiza chini ya tenga kubwa lililopinduliwa nyuma ya kuni.

"Nipe unyoya mmoja. Ule wenye madoa makubwa."

"Aa! Unauma!"

"Na kisu je?"

Chausiku akatoa unyoya.

Maji yakachemka. Chui akaleta vyote, akatoka, akakaa uani ameupa mlango mgongo, amejiziba masikio kwa viganja, lakini si sawasawa, maana alitaka kusikia na hakutaka kusikia. Ndani, Mashavu akabingirisha kiazi kikuu kilichokuwa pale jikoni mpaka ukingoni mwa sufuria, akakisukuma. Chubwi! Maji ya moto yakaruka yakamgusa pua.

"WIIIIIII!"

Chui akaanguka kifudifudi kwenye vumbi. "Mashavu wangu! Mashavu wangu jamani!"

Mashavu akapangusa pua, akatia uyoga, bilinganya, tui la nazi, pilipili manga, tangawizi. Akakoroga kwa upawa uliomzidi urefu. Mwishowe akautia unyoya, akauzamisha chini kabisa. Kisha akajipenyeza chini ya tenga, akakaa ubavuni kwa Chausiku. Moyo wa ndege ulikuwa unapiga. Wake pia.

"Ikishindikana?" Chausiku akauliza.

"Tutakuwa supu ya kesho wote wawili. Nyamaza."

Harufu ikaenea. Chui akaingia ametazama pembeni, akapakua supu mpaka ya chini kabisa kwenye bakuli kubwa, akafunika kwa kawa. Akabeba mpaka mlangoni pa chumba cha mzazi. Akasimama.

Nani ampelekee mkwe?

Lo! Hapo ndipo Chui alipojua alichokifanya. Mpelekaji yumo bakulini! Yeye haruhusiwi kuingia, wala kuita, wala kusema karibu chakula. Akasimama pale na bakuli la moto linamuunguza. Akaliweka chini, akagonga sakafu kwa upawa, ko ko ko, akatimua mbio hadi nyuma ya ghala.

Mkono wa Mama Fisi ukatoka chini ya pazia, ukalivuta bakuli ndani.

"Haya, mwanangu, amka unywe... Amelala. Basi ngoja nionje chumvi."

Akaonja. Akaonja tena. "Masalale! Simbilisi wa huku wameshinda wa kwetu!" Akaonja chumvi mpaka bakuli likafika nusu, na chumvi ilikuwa sawa tangu mwanzo. Alivuta, fyooo, alitafuna uyoga kwa macho yaliyofumbwa, akilamba midomo. "Nyama laini! Nyama gani hii!"

Kijiko kikashuka chini kabisa. Kikaja na kitu.

Mama Fisi akafumbua macho. Unyoya. Mweusi, madoa meupe, umelowa tui.

"Chausiku?" akaita.

Kimya.

"Chausiku! Njoo, mama!"

Kimya. Miguuni pake sakafu tupu. Akatazama uvunguni. Akatazama nyuma ya mlango. Akalitazama bakuli. Alikumbuka neno la Chui: nitamchinja kanga.

Akataka kuuliza. Amwulize nani? Mpelekaji hayupo! Mkwe yuko hapo nje tu, anamsikia anavyopiga kwikwi, na hawezi kumwuliza neno moja tu, umempika nani? Mama Fisi akazunguka chumba kama aliyetiwa pilipili machoni. Akalifikia pazia, akalishika, akaliacha. Akalishika tena.

"Nimemla," akasema. Kisha akapiga ukelele uliomwamsha mzazi na kichanga. "Nimemla! Nimemla Chausiku wangu! Nimemsifu!"

Kwacha! Pazia likachanika.

Chui alikuwa ametoka mbio nyuma ya ghala kwa ukelele ule, naye na Mama Fisi wakatazamana macho kwa macho. Chui akajifunika uso. Mama Fisi naye akajifunika uso. Lakini kilio hakikufunikika.

"We Chui! Umempika nani?"

"Nimempika Mashavu, mama! Kama ulivyotaka!"

"Mwongo! Unyoya huu ni wa nani? Simbilisi ana manyoya ya madoa?"

"Sijui unyoya! Kanga sikumgusa! Mashavu alijitia mwenyewe, nilimsikia akilia, naisikia sauti mpaka sasa! Alikuwa akinipanda mgongoni, mama! Alikuwa akiniimbia!"

"Na wangu alilala miguuni! Nilimwangua mwenyewe kwapani!"

"Wangu alinitoa kupe!"

"Wangu nikiumwa alikuwa hali!"

Wakalia wote wawili, nyuso wamezifunika, mmoja huku mmoja kule, na kilio chao kikawa kimoja. Ungesimama nje ya ua, usingejua kipi ni cha Chui na kipi ni cha Fisi.

Ndipo tenga likasogea. Kititi, kititi, kititi. Chausiku akavuka uani mbio, "Kekekekeke!", akaruka mikononi mwa bibi yake. Nyuma yake akatoka Mashavu, pua nyekundu.

Chui akaduwaa. Mama Fisi akambusu kanga wake kichwani, akambusu tena. Kisha macho yake yakabadilika. Akamweka Chausiku chini taratibu. Akanyoosha mkono, paa! Akamdaka Mashavu shingoni.

"Umenichezea mimi," akasema kwa sauti ya chini. Kinywa kikafunguka. Mashavu akaona meno, akaona ulimi, akasikia harufu ya tui. "Mimi, mtu mzima. Umegeuza neno la wakwe."

"Sikugeuza hata moja!" Mashavu akalia, miguu inaning'inia. "Kila neno nililotumwa nimelifikisha! Nile basi, bibi, ukitaka. Lakini uyoga ule uliusifu nyama laini. Ulilamba midomo. Kisha ukauona unyoya, ukapiga yowe. Ladha ilibadilika?"

Mama Fisi akaukaza mkono. Hakumwachia.

"Kilichobadilika ni nini, bibi?"

Meno yakasogea. Mashavu akafumba macho.

"Hapana."

Sauti ilitoka kwa Chui. Alikuwa amesimama katikati ya ua, uso wazi.

"Hapana, mama. Heshima yako naijua, na aibu nitaibeba. Ila huyu hapikwi. Mwachie."

Msitu mzima haukuwahi kusikia mtu akimjibu mama mkwe hivyo. Na kabla Mama Fisi hajapata pumzi ya kujibu, sauti nyingine ikatoka kitandani, dhaifu.

"Mama. Unamkumbuka Kipilipili?"

Mama Fisi akageuka.

"Simbilisi wangu mwekundu, nikiwa mdogo. Nilimpa jina kwa siri. Siku ile nilipouliza yuko wapi, uliniongezea mchuzi. Nililia hivi hivi ulivyolia sasa. Ukaniambia nyama ni nyama." Mke wa Chui akamweka mtoto kifuani. "Ndiyo maana huyu nilimpa jina mbele ya watu."

 Mama Fisi akamtazama mwanawe. Akautazama unyoya ulioanguka sakafuni. Vidole vikalegea kimoja kimoja, na Mashavu akaanguka, pu, akakimbilia kati ya miguu ya Chui.

"Sikujua alikuwa na jina," Mama Fisi akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu mkubwa tena. Akainama, akaliokota bakuli, akampelekea mwanawe. "Haya, kunywa. Uyoga. Kuna tangawizi, itakuletea maziwa."

Mzazi akanywa. Chui akashona pazia. Mpelekaji akarudia kazi yake, ila tangu siku ile, kila Mama Fisi alipomtuma, alianza kwa kusema, "Mashavu, tafadhali."

Lakini msidhani yaliishia hapo. Jioni ile Mashavu alipoingia jikoni kulala, alisimama mbele ya ile ngozi ya digidigi. Akaizunguka. Akaigusa kwa pua. Mwishowe akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kuni, akalala kwenye udongo mtupu.

Kesho yake Chui akaenda mawindoni. Jua likapanda, jua likashuka. Akarudi mikono mitupu, isipokuwa fungu la uyoga kwapani.

"Leo hukukutana na mtu?" mkewe akamwuliza.

"Nilikutana na digidigi, kwenye majani mafupi, karibu kabisa. Nikajikunja niruke."

"Halafu?"

Chui akauweka uyoga chini, akajikuna shingo kwa aibu.

"Mdomo ukanifunguka. Nikamwuliza jina lake."

Na mimi sufuria yangu naifunika papo hapo, wanangu, anayetaka kujua digidigi yule alijibu nini aende akamwulize mwenyewe, ila funzo mchukue hili: kila nyama ni nyama tu, mpaka siku unapoukuta bakulini unyoya wa yule unayempenda.